Studio ya michezo ya video ikinunuliwa, inakufa?

Hapana yaya, si lazima ife ikinunuliwa na Sony ao Microsoft. Angalia kwanza kama studio na mnunuzi walishazoeana. Studio ya Insomniac iliitengenezea PlayStation, mashine ya Sony, michezo zaidi ya miaka 20 mbele ya kununuliwa na Sony 2019, kwa dola milioni 229. Hata ule Spider-Man wa 2018 munaocheza kwenye sale za Birere, kule Goma, ulitoka mbele ya mkataba: Sony ilikuwa imeshaonja mchuzi. Studio ya Tango, yenyewe, iliingia Microsoft 2021 ndani ya furushi la ZeniMax, kampuni iliyokuwa inaimiliki. Mchezo wake wa 2023 ulisifiwa sana, ila ulitoka siku ileile ndani ya abonema ya mwezi, kwa hiyo wengi waliucheza bila kuununua. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Agosti, Krafton ya Korea Kusini ikaichukua.