Kabla ya miguu, sikio

Usinunue viatu kwanza. Ndivyo ninavyomjibu kila kijana anayeniuliza afanye nini ili naye aishi kwa densi ya tapu, ile ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma. Nimeicheza miaka 22, na 15 kati ya hiyo nimefundisha hapa Chicago. Wanafunzi walionisumbua kuliko wote walikuwa na miguu myepesi na masikio mazito.

Tapu ni ngoma. Vyuma viwili vya kiatu, kimoja chini ya vidole na kingine kisiginoni, ndiyo mikono ya mpigaji, na sakafu ndiyo ngozi. Baada ya watumwa wa Kiafrika kuasi kandokando ya mto Stono, South Carolina, mwaka 1739, sheria ya 1740 ikawapiga marufuku kutumia ngoma na pembe. Mdundo haukufa: ulikaa kwenye makofi, mapaja na nyayo, na baadaye ukachanganyika na densi za Waairishi na Waingereza. Mimi nimekulia Tanga, kwenye ngoma za harusi. Siku mwalimu wangu wa kwanza aliponisimulia hayo, nilikaa kimya hadi kipindi kikaisha.

Kwa hiyo darasani kwangu tunaanza tumeketi. Dakika 10 ni za mdomo na makofi tu: ta-ka-TA, ta-ka-TA. Asiyeweza kuutamka mdundo hataweza kuukanyaga. Nilikuwa na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyehangaika wiki sita na hatua ya kusugua ncha ya kiatu mbele na kuirudisha. Macho hayakubanduka kwenye kioo. Jioni moja nilileta shuka nikafunika vioo vyote, nikamwambia, "Mama, sikiliza tu." Akalegeza kifundo cha mguu, na sauti mbili zikatoka safi, zimeachana sawasawa. Akajishika mdomo kwa mkono.

Kwenye suala la sakafu, usimwonee mtu haya. Nilipokuwa mgeni kazini nilikubali vipindi kwenye shule moja ambayo sakafu yake ilikuwa zege lililobandikwa vigae vya plastiki. Nilihitaji kodi ya nyumba, nikanyamaza. Maumivu yalianza kwenye muundi kama mwasho, na kufika majira ya baridi mfupa ulikuwa na ufa. Miezi minne sikufundisha, na asiyefundisha halipwi. Siku hizi kabla sijauliza malipo, napiga kisigino sakafuni. Zege hujibu kwa sauti kavu, fupi, na pigo linarudi gotini. Mbao zilizoinuliwa juu ya maboriti huitika kwa kina na kubonyea kidogo. Pasipo sakafu ya namna hiyo, nakataa kazi. Halafu tembea na bisibisi, kaza skrubu zako kila siku. Iliyolegea huzomea chini ya kila pigo, na iliyochomoza itachana sakafu ya watu, wasikuite tena.

Jukwaa lina msimu wake. Darasa ndilo linalolipa kodi, na hilo si jambo la kuonea aibu. Nililokosea ni kutoa vipindi miaka mitatu mfululizo bila kufanya mazoezi yangu mwenyewe. Nilibaki na hatua za wanaoanza tu. Sasa kila asubuhi saa nzima ni yangu peke yangu, hata simu naizima.

Na usifundishe watu wakuige. Kule Harlem, New York, kwenye Hoofers Club, kijiwe cha wacheza tapu, wachezaji wa enzi ya bingwa Bill Robinson walikuwa na mwiko: hatua ya mwenzio usiinakili kama ilivyo. Kila Alhamisi namalizia kwa duara, na kila mmoja anapewa mapigo manane ya kwake. Yule mama muuguzi zamu yake ikifika huyaacha saba yapite kimya, sote tumetulia tunamsubiri, kisha hudondosha kisigino kimoja kwenye la nane.