Ukistaafu ukaishi wapi? Mshipi, kwaya na kiinua mgongo kimoja

SWALI: Shikamoo dada. Mi mwalimu, nipo Masasi, mwakani natimiza 60 nastaafu kwa lazima. Kijana wetu yuko Marekani, katutumia video ya mji wa wastaafu watupu, wana bwawa la kuogelea, viwanja vya gofu, klabu za kila kitu, anasema baba tafuteni kama huo hapo Tanzania na mi ntachangia. Sasa starehe yangu mimi ni kuvua kwa mshipi, nimekulia pwani, na bao. Mama watoto yeye ni bustani na kwaya, sauti ya kwanza na haijachuja mpaka leo. Anataka tuhamie Newala kwao, anasema kuna kibaridi kizuri. Mi nataka Msimbati, kiwanja nimeshaonyeshwa, bahari hii hapa mguuni. Watoto walioko Dar nao wanasema njooni Chanika tuwe karibu. Kiinua mgongo ni kimoja tu dada, tukikosea ndo basi tena. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kufika salama.

Tuanze na hiyo video. Miji ya namna hiyo kule ipo kweli, Sun City ya Arizona ilifunguliwa mwaka 1960 na sheria yao inaruhusu mtaa kujitenga kuwa wa watu wa miaka 55 na kuendelea, ilimradi angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo. Kwa hiyo mtu anachagua mji kwa kuangalia starehe yake, wa gofu huku, wa kuchonga mbao kule. Huku kusini kwetu hakuna kitu hicho, na makazi ya wazee ya serikali ni ya wazee wasiojiweza, siyo ya mwalimu mwenye pensheni yake. Lakini kuna kitu kimoja wale wazungu wamekipatia nacho ni kwamba wananunua watu kwanza, nyumba baadaye. Sisi huwa tunafanya kinyume, tunanunua kiwanja halafu ndo tunaanza kutafuta wa kukaa nae.

Mi mwenyewe yalinikuta. Nilipostaafu unesi nikajenga nje ya mji wa Lindi, juu kidogo, ukifungua dirisha ni bahari tupu, kila aliyekuja alisema we dada umepata pepo. Na mimi starehe yangu ni cherehani na soga. Miezi mitatu ya mwanzo raha, wa nne nikaanza kujiuliza hivi hizi nguo namshonea nani, sindano ikivunjika bodaboda mpaka mjini, nikirudi naongea na kuku. Nikauza kwa hasara, na aliyenunua ni fundi aliyenijengea, kumbe alikuwa anangoja tu!

Kwa hiyo swali lako usiulize bahari iko wapi, bahari iko kila mahali kuanzia Kilwa mpaka mpakani. Uliza wanaovua kwa starehe wako wapi, siku ya Jumanne saa kumi jioni, na wanaocheza bao wanakaa baraza gani.

Msimbati ni pazuri sikatai, ule mchanga nao sijui nani aliupepeta. Ila angalia haya. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo uvuvi una kanuni zake, zana gani na eneo gani, nenda ofisi ya hifadhi uulize kabla hujanunua hata ndoano. Pili njia ya mchanga, gari ndogo inanasa mpaka unashuka kusukuma, na we kwenye miaka 70 na magoti hayo utasukuma? Tatu ndo kubwa zaidi, wanaovua kule wanavua kwa ajili ya kula na kuuza, usiku wako kazini na mchana wamelala, huyo wa kukaa na wewe na mshipi mmoja mkibishana changu gani ana mafuta utampata wapi. Na mama kwaya yake je? Atawaimbia kaa?

Newala sasa. Kibaridi kipo kweli, Juni na Julai unavaa sweta, na mandhari ile ukisimama ukingoni unatazama bonde la Ruvuma chini, hata mimi moyo unatulia. Ila mama bustani anaipenda kweli au anapenda kuitazama? Maana uwanda wa Makonde shida yake ya miaka yote ni maji, huku chini tunachimba kisima lakini kule juu maji yako kina kirefu mno, ndo maana ule mradi wa maji wa Makonde ukatengenezwa tangu enzi za mkoloni na mpaka leo watu bado wanavuna mvua kwenye matangi. Mkienda Newala tangi kubwa lijengwe kabla ya sebule. Na wewe mvuvi utavua wapi, Ruvuma kwenye mamba? Ukikubali Newala kwa ajili ya mkeo ukubali kwa moyo mmoja, siyo kila jioni unanuna.

Mkeo angekuwa peke yake ningemwambia Ndanda moja kwa moja. Iko chini ya uwanda, chemchemi zipo, mboga zinakubali, Wabenediktini wapo tangu 1906 kwa hiyo kanisa na hospitali ya misheni vyote karibu, na kwaya za pale si za kubahatisha. Tatizo ni wewe, bahari mpaka upande basi.

Ndo maana mi kura yangu ni Mikindani, au pale katikati kati ya Mikindani na Mtwara mjini. Ghuba imejikunja, imefungwa vizuri, upepo wa kusi ukipiga huko nje kwenye bahari kuu wenye mitumbwi midogo wanakaa nchi kavu siku kadhaa lakini wewe ndani ya ghuba utapata utulivu wa kurusha mshipi wako, na jioni barazani kwenye zile nyumba za kale wazee hawakosekani na kete zao, jiandae kufungwa maana walimu mnajiona mnajua hesabu. Mama atapanda daladala au bajaji, mjini ni kama kilomita 10 tu, kwaya zipo. Hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini iko upande huohuo, Mitengo, na hospitali ya mkoa, Ligula, ipo mjini. Bustani atapata lakini aulize udongo na chumvi ya kisima kabla, achimbe aonje, asiamini dalali.

Ila hata mi usiniamini! Msijenge. Pangeni chumba na sebule miezi miwili, mwezi mmoja Februari au Machi mvua ikiwa imekolea muone njia inakuwaje na mbu wako wangapi, mwingine Julai kusi likivuma. Mama ahudhurie mazoezi ya kwaya kama mgeni, wewe nenda barazani bila kusema umekuja kutafuta kiwanja, maana ukisema tu bei inapanda na kila mtu anakuwa rafiki yako. Mwezi ukiisha hesabu, ni wangapi wamekuja kuuliza mbona jana hukuonekana. Kama hakuna hata mmoja, fungasha.

Chanika nendeni kusalimia wajukuu. Mkihamia huko ntakwambia kazi utakayopewa, kulea.

Na wale watakaokushauri ununue shamba la mikorosho eti ndo hobi ya mstaafu, waulize kama washawahi kupuliza salfa Juni na bomba mgongoni. Mche wenyewe unakaa kama miaka mitatu ndo uanze kukuonyesha kitu, halafu usubiri mnada. Hiyo ni kazi mwalimu, nzuri tu, lakini kazi.

SWALI: Dada mi nipo Nachingwea, mume wangu kastaafu anapenda historia balaa, anataka tuhamie Kilwa Masoko ili kila wiki avuke kwenda kwenye magofu. Mi nasuka ukili, nauza mikeka kidogokidogo. Nikubali?

JIBU: Kubali, lakini kwa sharti. Yeye kapata, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, Ibn Battuta mwenyewe alifika Kilwa 1331, mzee atakuwa na wageni wa kuwasimulia mpaka sauti ikauke. Na wewe pwani ile wasukaji ukili ni wengi, hutokuwa mpweke, ila ndo hivyo, wengi maana yake bei inashuka, kwa hiyo suka kwa starehe na biashara isiwe ndo tegemeo. Sharti langu ni moja, hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje siyo Kilwa Masoko. Kama mzee ana presha mwambie aangalie nyumba Kivinje, magofu na majumba ya zamani yapo hata huko, na boti ya Kisiwani apande mara moja kwa mwezi inamtosha.