Kusoma Viwanja vya Gofu Usivyoruhusiwa Kuingia

Kila mwaka napokea vijana wawili watatu waliotoka chuoni, wanakuja kujifunza kazi ya upimaji na kupanga mandhari hapa Dodoma, na hakosekani mmoja wa kunionyesha kwenye simu picha ya Augusta, uwanja maarufu wa gofu wa Marekani. Maji yametulia, maua yamechanua, nyasi kijani kama zulia la msikitini. "Mzee, kitu kama hiki hapa Dodoma kinawezekana?" Namjibu kinawezekana, kisha namwambia achukue kalamu.

Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000, sawa na boza moja. Chukulia nyasi za mchezo kwenye jua la Oktoba zinahitaji milimita 5 kwa siku, na unamwagilia hekta 20 tu. Hizo ni boza 100. Kesho nyingine 100. Mvua ya kwetu haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Kijana akifika hapo huwa anaifunga simu mwenyewe.

Sisemi Augusta si mwalimu. Nasema usiisome kwa rangi. Klabu yenyewe, iliyoko Georgia nchini Marekani, haina dirisha la kuchukulia fomu: unaalikwa au huingii. Wanawake wa kwanza walipokelewa uanachama mwaka 2012, muulize mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Lakini kila Aprili, wakati wa mashindano ya Masters, televisheni inatufungulia, na picha za setilaiti ziko wazi mwaka mzima. Ukizitazama bila haraka unagundua kwamba picha ya simu inadanganya mara mbili: inazidisha kijani na inafuta mteremko. Shimo la 10 linashuka kama mita 30 kutoka unapopigia hadi chini, ila kwenye kioo utadhani ni tambarare. Na kijani chenyewe cha Aprili ni nyasi za msimu wa baridi zilizopandwa juu ya bermuda. Bermuda ni nani? Ni ukoka. Ukoka huu huu unaoupalilia shambani ukiutukana. Joto la kiangazi cha kwao likikaza, klabu inafungwa hadi Oktoba. Wenyewe hawashindani na jua, sisi tunataka kushindana nalo!

Uwanja huo uliobuniwa na mchezaji Bobby Jones na mbunifu Alister MacKenzie ulipofunguliwa mwaka 1933, mashimo yote 18 yalikuwa na banka, yaani mitego ya mchanga, 22 tu. Nyingine zimeongezwa baadaye. Kazi ya kumtesa mchezaji waliiachia miinuko. Huyo MacKenzie alikuwa daktari, akaenda na jeshi la Uingereza kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, na huko akavutiwa na jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao yakafanana na ardhi. Baadaye aliacha udaktari, akawa anachimba banka kwa akili ileile: kingo zisizo sawa, kana kwamba upepo ndio uliochimba. Ukichora banka yenye duara kamili kama sahani ya wali, mimi nitaifuta. Usinune.

Kuhusu kuiga: kuiga si dhambi, ila iga akili. Charles Blair Macdonald alikwenda Uingereza na Scotland akachunguza mashimo bora, akarudi Marekani na kujenga National Golf Links, uliofunguliwa rasmi 1911. Shimo lake la 4, Redan, limetokana na lile la North Berwick kule Scotland: grini, ile sehemu laini yenye kishimo na bendera, imekaa mshazari na inatelemka kwenda nyuma, kwa hiyo anayepiga moja kwa moja kwenye bendera anajuta, na anayepiga pembeni akauacha mpira uteleze anafaidi. Wazo hilo halihitaji tone la maji. Linahitaji mteremko na jicho, na mteremko tunao.

Ila kama ungeniambia nikuchagulie uwanja mmoja tu wa kuusoma ukiwa Dodoma, ningekupa Sand Hills, Nebraska. Ni wa wanachama, uko mbali na kila kitu, kwenye vilima vya mchanga vilivyoota majani makavu na kupigwa na upepo. Wabunifu Bill Coore na Ben Crenshaw walipopewa eneo hilo hawakuanza na ramani. Walitembea. Wakarudi, wakatembea tena, msimu huu na ule, mpaka wakaona mahali zaidi ya 130 panapoweza kuwa shimo la gofu, wakachagua 18. Ulipofunguliwa mwaka 1995, udongo uliokuwa umesogezwa ulikuwa kidogo mno, na banka nyingi ni mashimo yaliyochimbwa na upepo wenyewe. Jengo la klabu wakaliweka kama kilomita moja na nusu kutoka uwanjani, lisiingilie ardhi nzuri. Hapo wateja wetu ndipo tunapogombana nao. Wa kwetu anaanza na jengo, tena juu ya kilima bora kuliko vyote, halafu anakuambia, "Fundi, uwanja utauzungusha hapo chini."

Nami sikuzaliwa najua. Miaka ya nyuma mtu mmoja nje ya mji alitaka mashimo matatu ya mazoezi kwenye shamba lake. Nikafika Septemba. Nikakuta korongo kavu, mchanga mweupe umejilaza vizuri, kingo zimekatika zenyewe kama za MacKenzie, nikasema Mungu ameshanifanyia kazi. Nikaweka grini pembeni yake, na banka mbili ndani kabisa ya mchanga. Kando yangu kulikuwa na mgunga, na kwenye matawi yake, usawa wa kifua cha mtu, kulikuwa na manyasi makavu na mfuko wa plastiki uliojisokota. Niliyaona. Nikadhani ni kiota. Januari korongo lilikuja usiku mmoja, asubuhi hapakuwa na banka, hapakuwa na grini, na bendera tuliambiwa imeonekana kwa jirani wa chini. Kwa hiyo ukifika eneo jipya, kabla ya kuangalia chini angalia matawi. Takataka zilizonasa zinakupa kina cha mafuriko.

Mchanga nao una lawama zake. Pale Pine Valley, New Jersey, George Crump alianza ujenzi 1913 kwenye mchanga mtupu, na miaka ya mwanzo nyasi zilimsumbua kwa sababu mchanga haushiki maji wala mbolea. Alifariki 1918 kabla mashimo manne hayajakamilika. Changanya samadi, boma za ng'ombe hazijaisha.

Na grini zisilazimishwe kuwa za nyasi. Wazee wa gofu katika nchi kavu za Afrika walicheza kwenye "brauni": mchanga uliochanganywa na oili, ukalazwa kwa kuburuta gunia au fito kabla mchezaji hajapiga. Leo oili chafu nisingeimwaga ardhini, hasa kwenye eneo la visima, lakini mchanga mzuri ulioshindiliwa bado unapitisha mpira. Nimempendekezea hilo mteja wangu wa sasa mara tatu. Mara zote tatu amenionyesha picha ya Augusta kwenye simu.

Jumamosi tunakwenda kwake. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, tubaki hadi saa tisa ili muuone ukiwa umeamka. Mje na viatu vya kufunga, kofia, maji ya kunywa na vigingi vyenye vitambaa. Ramani nitakuwa nayo mimi, na sitaitoa siku hiyo.