Maswali yenu: Panya, ukoo na dawa ya wasiwasi

Juma lililopita niliandika kwamba dawa za wasiwasi huonjwa na panya kabla ya mgonjwa, na kwamba ukoo wa panya hubadilisha majibu. Simu haijanyamaza.

Daktari, ukoo wa panya ndio nini? (Njoro)

Maabara hupandisha ndugu kwa ndugu vizazi 20 au zaidi, mpaka wote wawe kama mapacha. Ukoo uitwao C57BL/6 ni mweusi, mdadisi. Ule wa BALB/c ni mweupe na mwoga. Wewe mkulima unalijua hili: mbegu ya mahindi H614 inayostawi kwenye baridi ya Kitale, ipande kwenye joto la Ahero uone. Jua litaikuta njiani, na mbolea ni ileile.

Nikuletee wa ghalani kwangu? (Bungoma)

Asante, hapana. Babu yao hatumjui.

Panya hasemi. Wasiwasi wake mnaupimaje? (Kondele, Kisumu)

Kuna kisanduku chenye vyumba viwili, kimoja giza, kingine taa kali, na kitundu katikati. Panya hupenda giza. Anatoa pua, masharubu yanatikisika, anarudi. Mtafiti anahesabu: ametoka mara ngapi, amekaa kwenye mwanga sekunde ngapi. Kisha anampa diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, na kuhesabu upya. Dozi ikizidi panya analala, hatoki, na mtafiti mvivu ataandika kwamba dawa haikumtuliza.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 1982 watafiti Crawley na Davis walijaribu koo tano za panya, wakaona kwamba wale waliozurura sana hata kabla ya dawa ndio diazepam iliwabadilisha. Majaribio mengine ya baadaye yakakuta kinyume: BALB/c, yule mwoga, ndiye aliyeitikia vizuri. Nani mwongo? Sioni mwongo. Mwaka 1999 maabara tatu, za Portland na Albany (Marekani) na Edmonton (Kanada), zilitumia koo zilezile na vifaa vilevile siku zilezile, na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana. Kwa hiyo nikisoma kwamba dawa “imetuliza panya” bila kutajiwa ukoo, nafunga ukurasa.

Ni jeni gani hasa? (Kakamega)

Si moja. Chukua jeni ya Tph2, inayosaidia ubongo kutengeneza serotonini, kemikali inayogusa hisia. Mwaka 2004 ilionekana kwamba BALB/c na ukoo mwingine, DBA/2, wana herufi moja ya jeni hiyo tofauti na C57BL/6, na serotonini wanayotengeneza ni kidogo. Dawa zinazotegemea serotonini zikiwafikia hao, zinakuta ghala nusu tupu. Diazepam hupita njia nyingine, vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo.

Natumia diazepam. Kesho yake mchana bado nasinzia. Nami nina ukoo wangu? (Nakuru, Mama wa watoto wawili)

Huenda, mama. Ini huivunja diazepam kwa vimeng'enya, kimojawapo CYP2C19, na kuna watu waliozaliwa nacho kikiwa kizembe, dawa ikakawia mwilini. Umri na dawa nyingine pia huchangia. Mweleze daktari wako usingizi huo unaanza saa ngapi na unaisha saa ngapi. Usiikate ghafla wewe mwenyewe, kwa maana aliyeizoea anaweza kupata degedege. Na usipande bodaboda ukiwa umesinzia.