Re: Kwa nini Arizona wasichote mfuko wa ardhi waajiri walimu?

Mkuu, Arizona, hilo jimbo la Marekani, walishachota mfuko wao wa ardhi, yaani akiba ya shule inayotokana na kuuza na kukodisha ardhi ya jimbo. Mei 2016 wapiga kura walipitisha Pendekezo 123, tena kwa kuponea chupuchupu, na mgawo wa mwaka kwa shule ukapanda kutoka asilimia 2.5 hadi 6.9 ya thamani ya mfuko, kwa miaka 10. Hapo kwenye miaka 10 ndipo penye mtego: mwalimu ukishamwajiri anasubiri mshahara kila mwezi mpaka astaafu, mgawo ule ulikuwa na tarehe ya kukoma, nayo ilifika 2025. Na ukila mtaji wenyewe umeuza ng'ombe wa maziwa ulipie ada ya muhula mmoja. Jirani zao jimbo la New Mexico (wana mafuta, wana bahati) nawaona wajanja zaidi. Mwaka 2022 waliongeza mgawo wa mwaka wa mfuko wao wa ardhi kwa asilimia 1.25 ya thamani yake bila kuweka mwaka wa mwisho, ingawa asilimia 60 ya nyongeza hiyo inakwenda kwa watoto wa chekechea na wadogo zaidi.