Kwani Sauti Ina Unene?

SWALI: Shikamoo anti. Binti yangu ana miaka 6, juzi nimegonga kijiko kwenye glasi akaniambia "mama hiyo sauti ina ncha", nikagonga sufuria la ubwabwa akasema hiyo ya duara. Yuko sawa kweli? Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Yuko sawa kabisa, tena usimkatishe! Mbona hata sisi kila siku tunasema fulani ana sauti nyembamba, fulani ana sauti nene, na unene ni kitu cha kuona na kushika sio cha kusikia. Waajemi nao wanasema hivyo hivyo, Waingereza ndo wanasema sauti iko juu au chini.

Hili la sauti kuwa na umbo limepimwa zamani sana, mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler alionyesha watu michoro miwili, mmoja wa mviringo mmoja wa kona kona, akauliza upi unafaa jina gani, halafu mwaka 2001 watafiti Ramachandran na Hubbard wakaja na majina yao ya kubuni "bouba" na "kiki", na wengi mno wakasema kiki ni ule wa ncha. Hata Wahimba wa Namibia, wale wasiozoea maandishi, walichagua vilevile, kwa hiyo sio mambo ya umbo la herufi, kwamba k ina kona na b ina mviringo.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo, sema buba uone midomo inavyojiviringa, sema kiki usikie ulimi unavyokata. Na kijiko kidogo kinalia kwa ukali, sufuria kubwa linalia zito, mtoto kalisikia hilo tangu anatambaa jikoni kwako.