Kwa mnaoanza hisabati chuoni: fasili kwanza, jawabu baadaye

Wadogo zangu mnaoripoti vyuo vikuu vya Kenya, Maseno, Kakamega au Njoro, kusomea hisabati, wengi wenu mmeletwa huku na ukali wenu wa hesabu shuleni. Ukali huo ulikuwa wa kupata jawabu: unakumbuka njia, unabonyeza kikokotoo, unapiga mistari miwili chini ya jibu. Muhula wa kwanza ukali huo utawafaa, maana kalkulasi ya mwanzo inafanana na ile ya kidato cha nne. Halafu inakuja analisisi ya namba halisi, yaani kuthibitisha misingi ya kalkulasi yenyewe, na swali linaanza na neno "Thibitisha". Hapo jawabu limeshaandikwa kwenye swali lenyewe. Unachoulizwa ni kwa nini.

Nikiruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ni huu: fasili zijue neno kwa neno. Usiridhike na "naielewa kichwani". Chukua swali jepesi kabisa: thibitisha kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa huleta namba shufwa. Mwanafunzi mpya anaandika 3 + 5 = 8, 7 + 9 = 16, anaweka kalamu chini. Hapati kitu, na ni haki, kwa sababu mifano miwili haizungumzii namba zilizobaki. Anayejua fasili anaanza hivi: namba witiri ni ile inayoandikika 2k + 1, ambapo k ni namba kamili. Nyingine iwe 2m + 1. Jumla ni 2(k + m + 1), ambayo inagawanyika kwa 2. Imekwisha. Lakini tazama herufi: k na m ni tofauti. Ukiandika k mara mbili, umethibitisha habari za namba witiri inayojumlishwa na yenyewe tu, na msahihishaji mzuri atakukata alama bila huruma.

Jambo la pili linalowaangusha watu ni mpangilio wa "kila" na "kuna". Nenda stendi ya Luanda, hapo karibu na Maseno. "Kila matatu ina makanga wake" ni kweli kila siku. "Kuna makanga mmoja anayehudumia matatu zote" ni kichekesho. Maneno ni karibu yale yale. Kilichobadilika ni lipi limetangulia. Tofauti kati ya mwendelezo wa kawaida (grafu isiyokatika) na mwendelezo sare ndiyo hiyo hiyo: katika ule wa kwanza, kila nukta inaruhusiwa kuwa na delta yake (umbali ambao x inaruhusiwa kusogea), katika wa pili, delta moja lazima itoshe nukta zote. Kwa mfano, x² juu ya namba halisi zote ina mwendelezo, lakini si sare, kwa sababu mpindo unazidi kuwa mkali kadiri unavyokwenda mbali. Ukilishika hili mapema, nusu ya hofu ya epsiloni (tofauti inayovumiliwa kwenye jibu) inakwisha.

Waliochagua hisabati tumizi wasidhani wamekwepa. Tena walio Maseno wana bahati: Ziwa Victoria liko mlangoni. Mwaka 1838 Mbelgiji Verhulst aliandika mlinganyo wa ukuaji wenye kikomo: kasi ya kuongezeka ni rP(1 − P/K), ambapo P ni idadi iliyopo, r ni kiwango cha ukuaji nafasi ikiwa tele, na K ni kiwango cha juu ambacho mazingira yanaweza kubeba. Kasi hiyo ni kubwa kabisa P inapofika nusu ya K, na hapo ni rK/4. Sasa fikiria samaki. Tuseme K ni tani 1,000 na r ni 0.4 kwa mwaka (nimezibuni, msizinukuu). Ukivua tani chini ya 100 kwa mwaka, na samaki hawakuwa wachache mno ulipoanza, wanaweza kudumu. Ukivua 110 kila mwaka, hakuna kiwango cha P kinachoweza kufidia, na samaki watakwisha hata kama ulianza ziwa likiwa limejaa. Mvuvi wa Dunga, ufuoni Kisumu, hahitaji alama za Kigiriki kuelewa hilo, ila wewe unahitaji kujua kuonyesha kwa nini ni 100 na si 120.

Mengine nayasema haraka. Tafuta wenzako wawili au watatu, ingieni darasa tupu jioni, mmoja aeleze ubaoni huku wengine wakimkatiza. Ukishindwa kueleza, hujaelewa. Karatasi za mitihani iliyopita zinafaa wiki za mwisho, lakini anayezikariri tangu mwanzo anajiandalia sapu, yaani mtihani wa marudio. Jifunze R au Python, lugha za kuprogramu kompyuta, mwaka wa kwanza. Zote ni za bure, na waajiri wengi wa takwimu watakuuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za makundi na pete za aljebra dhahania.

Na kuna hili ambalo wazazi huulizwa kijijini: "Atakuwa mwalimu?" Shahada ya sayansi ya hisabati peke yake haikusajilishi TSC, tume ya kuajiri walimu. Itabidi uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu, na hiyo ina karo yake. Kama darasa ndilo unalolitaka, uliza mapema kuhusu kuhamia shahada ya elimu, dirisha la kubadilisha kozi likiwa bado wazi.